Véronique wa Murukulazo Bado Yupo

Mimi naitwa Secilia, mke wa Celestini, na watu wa Murukulazo watakuambia kwamba nina mdomo. Ni kweli ninao. Mungu hakunipa urefu wala sauti ya kwaya, akanipa mdomo, nami nautumia. Kwa hiyo nikisema wakubwa wa kanisa letu walikosea, usidhani nina chuki na kanisa. Nimebatizwa Mlutheri, nimeolewa Mlutheri, na maua ya altareni huwa nayapanga mimi. Lakini haki ya Mungu, mwaka ule walinichosha.

Nianze na mama mkwe wangu, maana jambo lenyewe ni lake.

Mama mkwe wangu ni Bibi Véronique. Wazazi wake walitoka Rwanda wakivuka mto akiwa msichana mdogo, na mdogo wake, Uwase, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wakakulia hapa Ngara, wakajua Kihangaza na Kiswahili, wakapata kipaimara siku moja, katika kanisa moja. Véronique akaolewa na Mhangaza, baba yake Celestini. Uwase akaolewa na mkimbizi mwenzake. Vita vya kwao vilipokwisha, Uwase na mumewe wakafunga mizigo kurudi, na Uwase akaja hapa kumchukua dada yake. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa bi harusi mpya, niko jikoni najifanya napepeta mchele, masikio yote sebuleni.

"Twende kwetu," Uwase akasema.

"Kwetu ni hapa. Mume wangu amelala pale kwenye migomba. Nimwachie nani?"

"Umekuwa Mhangaza kabisa."

"Na wewe umekuwa mgeni kabisa."

Waligombana mpaka uji ukapoa ukaganda. Mwisho Uwase akasimama mlangoni na kuapa: "Hutaniona tena katika ua huu mpaka siku nitakayokuja kukuzika."

Bibi naye hakunyamaza. "Nami sitauvuka ule mto. Na siku ukija kunizika, njoo na mkeka wako. Wa kwangu hutaukalia."

Sasa watu wengine hutamka hivyo wakiwa na hasira, kesho yake wanacheka. Hawa wawili, la! Hawa wakisema, wamesema. Simu za mkononi zilipoingia, wajukuu wa pande zote walijaribu kuwaunganisha, na kila bibi akakataa kuwa wa kwanza kuita. Walijua habari zao kwa kusikiasikia tu, kwa madereva wa malori na watu wa harusi. Miaka ikapita, mimi mwenyewe nikaanza kuota mvi.

Ndipo kikaja kipindi cha *Salamu na Baraka*.

Kipindi hicho kilikuwa katika redio ya kanisa, pale Nyamiaga, inayosikika hadi ng'ambo ya mto, kila Jumamosi alasiri. Mtangazaji alikuwa Mwinjilisti Sostenes, mtu mpole, mwenye sauti ya kumtuliza hata ng'ombe aliyekata kamba. Kadi za salamu unazijua: unaandika jina lako, unaandika unaowasalimu, unaandika ujumbe, unachagua wimbo. Watangazaji wengine hurembaremba, huongeza chumvi yao. Sostenes alikuwa na desturi moja, na ndiyo iliyomponza: alisoma kadi kama ilivyoandikwa. Kuna mwanamume aliandika, "Namsalimu mke wangu aliyekwenda kwao tangu mavuno, ujumbe, ule mlango nimeshautengeneza." Sostenes akausoma vivyo hivyo, sauti ileile ya ibada. Ukimwuliza, atakuambia: "Mwenye kadi ndiye mwenye maneno. Mimi ni mdomo tu."

Jumamosi moja Bibi akaniita. "Secilia, chukua kalamu. Andika: Véronique wa Murukulazo anamsalimu aliye ng'ambo ya mto. Ujumbe: Bado nipo."

"Hivyo tu, Mama?"

"Ulitaka niandike waraka kwa Wakorintho?"

Nikaandika. Wimbo aliochagua ni ule walioimba siku ya kipaimara chao. Kadi ikasomwa, wimbo ukapigwa, Bibi akaendelea kuchambua maharage kama vile si yeye. Baada ya muda si mrefu, Sostenes akasoma kadi iliyoletwa na dereva wa lori: "Aliye ng'ambo ya mto anamsalimu Véronique wa Murukulazo. Ujumbe: Nami bado nipo."

Bibi aliinuka. Maharage yalimwagika mapajani, yakatapakaa ua mzima, kuku wakafurahi. Alisimama mpaka wimbo ukaisha.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi. Salamu si mazungumzo, kwa hiyo hakuna aliyevunja kiapo. Mimi nilimwambia huo ni ujanja wa kumdanganya Mungu, akanijibu Mungu haulizwi na wakwe. Lakini akanieleza pia kitu kimoja kwa uzito, nami nikakishika: "Uwase huwasha redio kwa ajili ya kadi yangu. Jumamosi moja nikikosa kusomwa, atasema ni mvua, kadi haikufika. Mbili mfululizo, atajua nimekufa. Naye atakuja kunizika, maana aliapa."

Basi, ndipo wakubwa wetu wakaanza mambo yao.

Ilitaka kuzaliwa dayosisi mpya, ya Ngara na Biharamulo. Jambo jema, nani angelikataa? Lakini makao makuu yawe wapi, na askofu awe nani? Watu wa Ngara wakasema sisi ni wengi, na mkuu wetu wa jimbo ana shahada zake. Watu wa Biharamulo wakasema sisi ndio wenye mji wa zamani, na Mchungaji wetu Bartholomayo ndiye mwenye upako. Kabla hujageuka, Walutheri waliokuwa wakinywa chai chungu kimoja baada ya ibada wakaanza kunywa kwa makundi, wengine upande wa kisima, wengine upande wa kengele. Hata mnada wa mazao baada ya ibada uliharibika. Jogoo wa mtu wa upande ule, watu wa upande huu hawampandii bei. Jogoo ana kosa gani, jamani?

Katikati ya hayo, kwaya moja ya Nyakanazi, pale njia panda ya malori, ikatuma kadi: wanamsalimu "baba askofu wetu Bartholomayo." Uchaguzi bado! Hata tarehe haikuwa imepangwa. Mtangazaji mwingine angelirekebisha, angelisema "baba mchungaji" akapita salama. Sostenes akasoma kama ilivyoandikwa.

Jumamosi iliyofuata, saa ya kipindi ikafika. Bibi kaweka redio kwenye kigoda, karibu na sikio. Kikalia kinanda bila maneno, kikalia sana. Kisha sauti ya binti nisiyemjua ikasema kwamba kipindi cha *Salamu na Baraka* kimesitishwa hadi hapo itakapotangazwa tena. Bibi Kiswahili anakijua, lakini hilo neno alilikataa.

"Badilisha betri," akaniambia.

"Mama, betri ni mpya. Kipindi kimefutwa."

"Nani amekifuta?"

"Kanisa."

Akanitazama. "Kanisa ni mimi na wewe. Mimi sikufuta. Wewe umefuta?"

Nikamwambia labda Uwase naye amesikia tangazo. Akatikisa kichwa. "Uwase hungoja jina langu tu. Matangazo hana haja nayo. Hii ya leo atasema ni mvua." Wote wawili tulijua inayofuata si mvua.

Jumatatu nikapanda bodaboda mpaka Nyamiaga. Nilimkuta Sostenes barazani kwake, ameweka viatu vyake juani, anavipiga rangi.

"Bwana asifiwe, Mwinjilisti."

"Amina, dada Secilia. Karibu. Nimeambiwa nipumzike."

"Kwani ulisema umechoka?"

"Sijachoka." Akapiga kiatu brashi. "Wamesema nimempigia kampeni Mchungaji Bartholomayo. Mimi hata kura sina. Nilisoma kadi."

"Na ulipoiona, hukuona kwamba ni moto?"

"Niliona. Lakini nikianza kubadili maneno ya kadi moja, kesho nitabadili ya mama mkwe wako. Nitasoma Bado nipo, au nitasoma nionavyo mimi?"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wa Sostenes ulikuwa umenyooka, na hilo ndilo likawa kosa lake. Nikamweleza habari za Uwase na Jumamosi ya pili. Alikuwa akisoma kadi ile muda wote bila kujua aliye ng'ambo ya mto ni nani, wala uzito wake. Akaacha kiatu. Akasema saa ya kipindi chake sasa wamepewa wengine, watasoma salamu pia, lakini zile zilizohakikiwa tu, za viongozi na vikundi.

Hapo nikaona ubaya wa jambo. Uwase atawasha redio, atasikia salamu zikisomwa, na ya dada yake haimo.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa jimbo. Alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Akaniagizia hata soda. Nikamweleza yote.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini suala hilo liko kwenye kikao."

"Kikao ni lini, Baba Mchungaji?"

"Kitaitishwa."

"Mimi siombi kipindi. Naomba kadi moja. Ni maneno mawili, Bado nipo. Hata kuku hamalizi kunywa maji, itakuwa imesomwa."

Akacheka kidogo, akavua miwani. "Nikiruhusu moja, kesho Biharamulo watasema tumefungua mlango. Kila kundi litaleta yake."

"Bibi Véronique si kundi."

"Najua, mama. Lakini kwa wakati huu kila kitu ni kundi."

Soda yake nikaiacha nusu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nikasema, kama upande huu hautaki, upande ule si ndio ulioleta balaa? Basi wao ndio waiondoe. Kesho yake nikapanda gari la abiria hadi Nyakanazi. Mchungaji Bartholomayo alikuwa huko na kwaya ileile, wanakula nyama choma katika ukumbi wa nyumba ya wageni, malori yakinguruma nje. Yeye naye mtu wa watu, mkono laini, sauti nzuri. Alinisikiliza akiwa ameweka mfupa chini kwa heshima. Nikafikiri, huyu ana moyo. Kumbe!

"Mnasikia?" akawaambia watu wake. "Ngara wamewanyamazisha mpaka wajane! Mama Secilia, nitakuombea nafasi mkutanoni usimame ueleze haya mbele ya watu wote. Uje na bibi mwenyewe akiweza."

"Na kadi itasomwa Jumamosi hii?"

"Ukweli ukijulikana, yote yatasomwa."

"Baba, mimi nataka salamu ivuke mto. Wewe unataka kumtembeza mama mkwe wangu kama ng'ombe wa maonyesho."

Mtu mmoja akakohoa. Niliondoka bila kuonja hata pilipili yao, na huko kituoni nikalia. Ndiyo, nililia, na muuza mahindi akanipa hindi moja bure akidhani nimefiwa. La kuvunda halina ubani. Pande zote mbili zilikuwa na Biblia mezani, na hakuna hata upande mmoja uliokuwa na dakika moja kwa ajili ya bibi.

Aliyeniokoa ni Sostenes. Ijumaa alinipigia simu. Alikuwa na rafiki mtangazaji katika redio ya biashara huko Biharamulo, isiyo ya kanisa lolote, nayo husikika mpaka ng'ambo. Sostenes alikuwa amempigia dereva wa malori aletaye kadi za Uwase, na huyo dereva atamwambia Uwase ageuze redio Jumamosi, bila kumwambia zaidi. "Lete kadi kesho asubuhi," akasema. "Nitaipeleka mwenyewe."

Niliruka, mimi na umri wangu. Nikakimbia uani. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapukuchua mahindi.

"Mama! Imepatikana redio! Kesho utasomwa!"

Hakuacha kupukuchua. "Usipeleke," akasema.

Nikadhani hajasikia. Nikarudia kwa sauti.

"Nimesikia. Nasema usipeleke kadi. Na mwambie Sostenes amwache yule dereva."

"Mama, Uwase atajua umekufa!"

"Ndiyo."

Nikakaa chini. Bibi akaweka gunzi pembeni, akafuta mikono kwa kitenge.

"Sikiliza, Secilia. Wiki hii yote wewe umekimbia, mimi nimekaa. Nimewaza. Uwase alisema atakuja kunizika. Mimi nilisema sitavuka mto. Hakuna hata mmoja wetu atakayelivunja neno lake, tuna vichwa vya mawe, baba yetu alikuwa hivyo. Kadi zile zilikuwa tamu. Lakini ni nini? Bado nipo, nami bado nipo, bado nipo, nami bado nipo. Siku moja mmoja atanyamaza kweli, na mwenzake atakuja kuangalia udongo. Sasa kanisa limeninyamazisha nikiwa bado napumua. Mwache aje."

"Utamliza mtu bure, Mama! Ni dhambi hiyo!"

"Nitaitubu. Mbele yake."

"Na akianguka njiani? Na moyo ukisimama? Wewe utasema nini?"

Hapo nikaona kwamba hata yeye alikuwa ameliogopa swali hilo. "Basi nitakuwa nimemuua mdogo wangu," akasema. "Lakini nataka kumwona, Secilia. Nataka kumwona."

Sikuwahi kumsikia mama mkwe wangu akisema anataka kitu. Katika miaka yote ile, hata maji hakuwahi kuomba, atainuka mwenyewe. Nikamwambia Sostenes asubiri, na dereva asiseme neno. Jumamosi ikaja. Tuliwasha redio ya kanisa. Wakasoma salamu za halmashauri, za kamati ya maandalizi, za kikundi cha watarajiwa wa hiki na kile. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akaenda kulala mchana, jambo asilolifanya.

Mimi nilikuwa na namba ya mjukuu wa Uwase kwenye simu. Siku zile nilizunguka nayo mfukoni kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nikiwa shambani naishika, nikiwa kisimani naishika. Celestini aliniambia: "Ni mama yangu na ni mama mdogo wangu. Waache wawili hao." Mwanamume akikuambia uache jambo ni rahisi, yeye analala. Mimi sikupiga, lakini usinipongeze, maana sikuwa na uhakika hata dakika moja.

Akaja siku ya kazi, asubuhi, jua limeshakausha umande. Kwetu mtu anayekuja msibani huanza kulia tangu njiani, nyumba inapoonekana, ili wenye msiba wasikie na wampokee kwa kilio. Nilikuwa nafua. Nikasikia kilio kule kona ya mibuni. Kilio cha kizee, kikavu, kinaita kwa Kinyarwanda: dada yangu, dada yangu.

Mikono yangu ikagandia kwenye povu. Hakuna aliyeitikia kilio kile, maana hapakuwa na msiba. Kilio kikakaribia, kikasita, kikaendelea. Akaingia uani bibi mwembamba, miguu imevimba juu ya viatu, kichwa kimenyolewa kwa matanga, mjukuu wake nyuma amebeba mfuko wa unga wa mtama. Na kwapani, jamani, alikuwa na mkeka wake.

Bibi Véronique akatoka ndani. Akasimama mlangoni, palepale Uwase alipoapia.

"Punguza sauti," akasema. "Majirani watadhani kuna msiba."

Uwase akafunga mdomo. Akamtazama dada yake kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, akarudi tena miguuni. Mkeka ukamtoka kwapani.

"Mbona hujafa?"

"Kipindi ndicho kilichokufa. Mimi nilinyamaza tu."

"Rakini mimi nimenyoa!" Kiswahili cha Uwase kilikuwa bado kilekile, akikasirika kila l huwa r. "Nimenyoa kichwa, Véronique! Nimewatangazia watu! Wamenichangia unga!"

Kisha akavua kitenge cha begani akaanza kumchapa nacho dada yake, mabegani, mgongoni, mikononi, na Bibi akasimama anachapwa, hajikingi, anasema nisamehe, nisamehe, nisamehe, mpaka Uwase akachoka, akamshika shingoni, na wote wawili wakateremka chini mlangoni kama magunia. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti kuliko wao. Majirani walikuja wakikimbia wakijua ni msiba kweli, wakatukuta hivyo, wengine wakaanza kulia bila kujua wanalia nini.

Unga ule wa mtama tukaupikia ugali, wakala wote.

Jioni Uwase akatandika mkeka wake, akakaa. "Niliapa kuja kukuzika," akasema. "Sasa nimekuja, na wewe huzikiki. Nitarudije?"

"Usirudi. Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ungoje nife."

Akacheka mpaka akakohoa. Na akangoja. Mjukuu akarudi peke yake. Ukimwuliza Uwase hujambo, atakujibu, "Niko hapa nangoja kuzika." Waligombania chumvi, waligombania jina la ng'ombe wa baba yao, walikataa kukaliana mikeka. Asubuhi nawakuta wamelala mikeka imegusana, mkono wa huyu tumboni kwa yule. Nyumba yangu haikuwahi kuwa na kelele tamu kama ile.

Lakini ile miguu haikupungua. Siku moja jikoni, Bibi akiwa kanisani, Uwase aliniambia. "Mwanangu, moyo wangu ni mkubwa, madaktari wamesema. Walisema zamani. Mimi nilijua nitatangulia. Yule mjukuu wangu nilikuwa nimeshamwagiza: nikifa, aendelee kutuma kadi. Nami bado nipo, kila Jumamosi, mpaka Véronique naye aondoke. Asijue kamwe."

Nikaepua chungu.

"Usimwambie kabla sijaenda," akasema. "Nikishaenda, mwambie. Ajue kwamba alifanya vizuri kunidanganya kwanza."

Alikufa wakati wa masika, mchana, kwenye mkeka wake, kichwa kwenye mapaja ya dada yake. Aliyekuja kuzika ndiye aliyezikwa. Tulimlaza kwenye migomba, karibu na baba mkwe, na Bibi Véronique ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Mkuu wa jimbo alikuja, Mchungaji Bartholomayo alikuja, wakakaa benchi moja bila kusemeshana. Kikao chao kilikuwa kimeshakaa, dayosisi imeahirishwa, wakapigwa picha wakishikana mikono, na Sostenes akarudishwa kazini bila maelezo, kama alivyoondolewa. Mtu mmoja pale msibani akaniambia niwashukuru, maana bila ugomvi wao dada hawa wasingelionana. Nilimwambia aende akachote maji. Mtu akikukanyaga ukaokota shilingi ulipoangukia, humshukuru kwa kukukanyaga.

Matanga yalipoanuliwa, nikamweleza Bibi habari za kadi zile ambazo zingeendelea kuja. Akasema, "Ningekuwa namwitikia maiti." Akaniambia nichukue kalamu.

Jumamosi ile redio ilikuwa kwenye kigoda chake. Sostenes akasoma za harusi, akasoma za wagonjwa, akafika kwenye yetu. Nikasikia akivuta pumzi.

"Véronique wa Murukulazo bado yupo. Anawasalimu wote wenye ndugu wasiosemeshana nao. Ujumbe: Kadi si mtu. Acheni kutuma, nendeni. Wimbo: hakuna."

Alisoma kama ilivyoandikwa, katika kipindi cha salamu, na wakubwa wake wakisikiliza. Kisha redio ikakaa kimya, maana wimbo haukuwepo. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Uwase. Akaniambia niizime, maharage yanaungua.